Kikombe cha Shaba na Usipa wa Mama Eliza

Vijana wa kituo cha ziwani, mmeniomba niandike mambo ya kazi kabla sijayasahau, na mkanipa daftari jipya lenye jalada gumu. Ahsanteni kwa daftari. Kuhusu kusahau, ondoeni shaka: nimetoka kituoni miezi mitatu tu iliyopita, na mpaka leo nikishika glasi ya maji naiinua kwanza kwenye mwanga nione kuna nani ndani. Wajukuu wangu wamechoka kunisubiri. Basi nitaandika. Habari za vyeo nitaziruka, kwa kuwa vilinipita polepole na mimi sikuvikimbilia. Nitaandika habari za nyavu, penseli, mitungi, na kosa langu moja ambalo nusura lifunge ghuba nzima. Msome mpaka mwisho, maana kosa lenyewe mnaweza kulifanya kesho asubuhi.

Nilizaliwa Njisi, kwa wakulima wa mpunga, na ziwa nililijua kama watu wa mpunga wanavyolijua, yaani kwa mbali na kwa usipa, wale samaki wadogo, waliokwisha kukauka. Nilipomaliza kidato cha nne, mchungaji wetu alisikia kwamba kituo cha utafiti kule ufukweni kinatafuta binti mwenye mwandiko unaosomeka. Nikaenda nimevaa viatu vya kanisani. Nilimkuta Mzee Asajile, fundi sanifu aliyekiendesha kituo kwa mikono yake mwenyewe, ameketi barazani anashona wavu kwa sindano ya nguo. Nikamwamkia kwa adabu zote za nyumbani. Akaitikia, akatazama miguu yangu, akauliza, "Hivyo viatu ni vya msibani au vya kazini?" Nikavivua. Tangu siku hiyo sikumbuki kuvaa viatu kazini, isipokuwa walipokuja wageni.

Siku hiyohiyo alinipeleka ziwani kwa mtumbwi. Nilitapika mara mbili, naye akaandika tu kwenye daftari lake. Tuliporudi aliweka tone moja la maji chini ya hadubini, akageuza kile kioo cha chini kielekee dirishani kishike jua, akaniambia niangalie. Nikaangalia. Kulikuwa na kiumbe chenye jicho moja jekundu katikati ya kichwa, kinarukaruka, kimebeba vifuko viwili vya mayai kama mama anayetoka sokoni na vikapu. Nikapiga kelele na kuruka nyuma.

"Usiogope, binti," alisema. "Huyo ni mdogo kuliko punje ya chumvi. Lakini usipa wote unaowaona wameanikwa pale nje, wamekua kwa kumla yeye. Siku akiisha huyu, ufuko mzima utalala njaa."

Wataalamu humwita zuplanktoni. Sisi kituoni tuliwaita vidudu, na sasa nimezeeka mno kubadilisha. Kazi yangu kwa miaka zaidi ya thelathini ilikuwa kuwachota, kuwahesabu, na kuandika wana hali gani. Nikiwaeleza ndugu zangu wa Njisi, walidhani natania. Mjomba mmoja aliniuliza kama nikishawahesabu nawarudisha.

Mzee Asajile alikuwa na masharti mawili. La kwanza: jina la sampuli liandikwe kwa penseli kwenye kipande cha karatasi ngumu, na karatasi hiyo itumbukizwe ndani ya chupa pamoja na vidudu. Nililiona jambo la kizamani, nikawa nabandika karatasi nzuri kwa nje, kwa kalamu ya wino. Mwaka wangu wa pili masika ilikuja kweli. Mnaijua mvua ya Kyela, haibishi hodi. Maji yaliingia stoo, chupa zikaelea chumba kizima, na karatasi zangu nzuri zikabanduka zote. Tulikaa sakafuni siku tatu na chupa zisizo na majina. Zile za mzee zilisomeka kila moja. Hakunigombeza. Alinipa penseli.

Sharti la pili lilikuwa gumu zaidi: andika kila ulichokifanya, hata kama unaona ni upuuzi. Alinionyesha daftari lake. Palikuwa na joto la maji, mawimbi, upepo, halafu: "Nimekula samaki ndani ya mtumbwi. Nimenawa." Na chini ya siku yangu ya kwanza: "Binti mpya ametapika mara mbili, upande wa kushoto. Wavu umeshushwa upande wa kulia." Nilitaka kulia kwa aibu. Akaniambia, "Ipo siku mtu atauliza kwa nini hesabu ya siku hiyo ni ya ajabu. Mimi sitakuwepo wa kumjibu. Daftari litakuwepo."

Nikalizoea lile daftari kuliko nilivyozoea kulala mchana. Kila Jumatatu asubuhi tulishusha kipimajoto, tukaandika. Sitawawekea namba hapa. Zimo kwenye madaftari, kabati la kushoto, lile lenye mlango unaohitaji teke. Nitasema tu nilichokiona. Zamani, kipupwe kilipofika na upepo wa Mwera ukaanza kuvuma, maji ya juu yalipoa vizuri, na upepo ukapata nguvu ya kulikoroga ziwa na kupandisha rutuba ya chini. Baada ya wiki chache vidudu walikuwa wengi hata wavu ukawa mzito. Miaka ikaenda, Mwera ukaendelea kuvuma, lakini kipimajoto hakikushuka tena kilipokuwa kikishuka. Maji ya juu yalikaa juu na joto lake, ya chini yakakaa chini na rutuba yake. Wavu ukawa unapanda mwepesi. Wavuvi waliniambia jambo hilohilo kwa maneno yao kabla sijawaeleza.

Hatukuwa na umeme wa kutegemewa, wala jokofu, kwa hiyo vidudu hai tuliwatunza kwa mitungi. Chupa husimamishwa kwenye mchanga mbichi ndani ya mtungi, na mtungi hufunikwa gunia lililoloweshwa. Mitungi hiyo ilifinyangwa na Mama Eliza. Yeye ni Mkisi wa ng'ambo ya ghuba, kule chini ya milima, ambako wanawake wote wanafinyanga, na aliolewa na mvuvi wa ghuba yetu. Asubuhi alifinyanga, mchana alianika usipa. Kila nilipopita kwake nilinunua viwili: chombo cha kazi na kitoweo cha nyumbani. Sikuwahi kumaliza kununua bila yeye kuniongezea kiganja cha usipa, na mimi sikuwahi kuondoka bila kulalamika kwamba hawatoshi. Ndiyo ilikuwa salamu yetu.

Mzee Asajile alistaafu, akaenda Ngana kulima kakao, akaniachia funguo, penseli na ule wavu wake wenye viraka. Wavu wa vidudu, kwa watakaosoma bila kuuona, ni kitambaa laini kirefu, mdomo mpana juu, na chini kabisa kuna kikombe ambamo vidudu wote wanakusanyika. Kikombe chetu kilikuwa cha plastiki, kililetwa pamoja na wavu. Siku moja ya mawimbi, kibanio kilikatika na kikombe kikazama mahali ambapo ziwa lina kina cha kutisha. Niliandika barua ya kuomba kingine. Jibu la barua ile nalisubiri mpaka leo, ingawa nimeshastaafu.

Kazi haikuweza kusubiri pamoja nami. Nikaenda mjini Kyela kwa Fundi Kosta, mtengeneza baiskeli. Alikuwa na rejeta ya lori bovu aliyoinunua Kasumulu, mpakani. Akakata bati la shaba kutoka kwenye ile rejeta, akalikunja, akalilehemu kwa risasi, akatoboa matundu ya kuchujia na kuweka kitambaa. Kilitoka kikombe kizuri jamani! Kilikaa kwenye wavu utadhani kilizaliwa nao. Nilikipenda. Mimi ni mwana kwaya, nimelelewa kwenye nyumba ambayo sufuria zinasuguliwa hadi zionyeshe uso, kwa hiyo kila Ijumaa nilikisugua kile kikombe kwa limau na majivu mpaka king'ae. Wageni walikisifu. Mimi nikajisikia.

Hapo palikuwa na kosa lote, na mmeshaliona. Mimi ilinichukua miaka kumi na kitu.

Dokta Halima alitufikia akiwa bado kijana, ametoka pwani, ambako alikuwa amesomea vidudu wa baharini. Siku za kwanza aliita ziwa bahari, kisha akaonja maji akaacha. Alitaka kujua jambo moja: vidudu wanaoteswa na joto, wakiongezewa na metali kidogo, wanavumilia? Tulipanga chupa zetu. Nyingine tuliziweka kwenye mitungi ya Mama Eliza, zikabaki na ubaridi wa ziwa la zamani. Nyingine tuliziacha ndani ya karai la maji ya uvuguvugu, tukiyaangalia kwa zamu. Kila chupa tukaitia tone la mrututu, ile dawa ya buluu yenye shaba ambayo wakulima hunyunyizia kakao isioze. Tone lilelile, sawasawa. Kesho yake vidudu wa mitungini walikuwa wanarukaruka. Wa kwenye uvuguvugu walikuwa wamelala chini ya chupa. Tulirudia mara nyingi, na kila mara ilikuwa hivyo. Sikufurahi kuona ile hali, kwa sababu kipimajoto changu nilikuwa nakijua.

Ndipo Dokta akapeleka sampuli kavu maabara ya jijini zikapimwe metali: za zamani nilizozikausha na Mzee Asajile, na za miaka ya karibuni. Majibu yalipokuja alinifungulia karatasi mezani. Za zamani, shaba karibu hakuna. Za karibuni, shaba juu, na risasi nayo imo.

"Mama," aliniambia, "ongezeko linaanza miaka ileile kakao ilipoanza kunyunyiziwa sana kando ya mto unaoingia ghubani."

Nilikubaliana naye. Joto tulikuwa nalo, shaba tulikuwa nayo, na tulishaona kwenye chupa viwili hivyo vikikutana hufanya nini. Tena usipa anakula vidudu, na mtu anakula usipa. Dokta akaandika taarifa, kama ilivyompasa. Wakubwa wakaipokea, wakatangaza mkutano wa hadhara mwaloni, pale mitumbwi inapopakulia samaki, ili ghuba ifungwe, asivue mtu mpaka metali ipungue. Metali haipungui kwa wiki. Hiyo ilikuwa na maana kwamba watu wa ufukweni wahamie kwenye kazi ambayo hawakuwa nayo. Wakati huohuo maneno yakaanza barabarani kati ya wavuvi na watu wa kakao. Mzee Asajile alitukanwa sokoni, mtu aliyelitumikia ziwa maisha yake yote, kwamba amekuja kulimalizia kwa bomba la kunyunyizia.

Nami nilifanya jambo ambalo halimo kwenye daftari. Niliendelea kununua usipa kwa Mama Eliza ili asijisikie vibaya, kisha nikifika nyumbani nikawafukia kwenye migomba. Paka aliwafukua. Nikachimba zaidi.

Habari ya sumu ilimfikia. Alinijia kituoni na udongo mikononi. Hakuuliza nimeamkaje.

"Mama Lusajo, nasikia mnasema usipa wetu wana sumu ya kakao."

"Ndivyo vipimo vinavyosema, dada."

"Vipimo vya hapa mtoni. Basi nendeni kwetu, ng'ambo, chini ya mlima. Pale hakuna mto wa maana, hakuna shamba, ni jiwe na maji. Kama kwetu ni safi, wavuvi wataenda kuvua huko, hawatakufa njaa. Nendeni mkapime."

Lilikuwa ombi la haki. Tukaenda kwa boti, mimi, Dokta na wavu wangu, tukachota vidudu kwenye maji ambayo unaona mawe ya chini. Walikuwa wachache, kama kiasi cha kujaza kifuniko cha soda. Majibu yaliporudi, shaba ya kule ilikuwa juu kuliko ya mtoni.

Dokta aliikunja ile karatasi. "Imeenea ziwa zima," alisema.

Nilikwenda kumpa Mama Eliza jibu mwenyewe. Alikuwa anazungusha chungu kibichi magotini. Aliposikia, mikono ikasimama.

"Kule kwetu hakuna hata mche mmoja wa kakao," alisema. "Nani kanyunyiza? Mawe?"

Nikarudi kituoni na lile swali. Ilikuwa Ijumaa. Zilibaki wiki nne nistaafu na wiki tatu ule mkutano ufanyike. Kwa mazoea nikachukua kikombe, limau na majivu, nikakaa barazani kusugua. Kwenye kona ya ndani, pale Fundi Kosta alipolehemu, palikuwa na ukungu wa kijani ambao huwa naupata kila Ijumaa na kuuondoa. Nikaupangusa kwa kidole. Kidole kikawa cha kijani. Nikakiangalia kile kidole. Nikafikiri: mrututu hauna risasi. Hakuna mtu anayenyunyizia kakao risasi. Risasi imetoka wapi? Na macho yangu yalikuwa juu ya ule mstari wa risasi, ndani ya kikombe, unang'aa kwa jasho langu mwenyewe.

Nililiangusha lile limau. Nikaenda kabati la kushoto, nikaupiga mlango teke, nikapekua madaftari hadi nikalipata. Kwa mwandiko wangu, kwa penseli: "Leo kikombe kipya cha shaba kimefungwa. Kinang'aa." Nikalinganisha na karatasi ya maabara. Sampuli zote kabla ya siku ile, safi. Zote baada yake, chafu. Na kule ng'ambo, vidudu walikuwa wachache kwenye kikombe kilekile, kwa hiyo kila mmoja alipata sehemu kubwa zaidi ya uchafu wangu.

Nisiwafiche: nilifikiria kunyamaza. Wiki nne tu. Ningepewa zawadi ya saa ya ukutani na keki, nikaenda Njisi, na kikombe kingeendelea kung'aa mikononi mwa mwingine. Wazo hilo lilikaa kichwani kwa muda wa kutoka kabatini hadi mlangoni kwa Dokta. Nililiona, na lilinitia hofu kuliko kosa lenyewe.

"Dokta," nilimwambia, "hiyo shaba ni yangu."

Nikamwekea kikombe juu ya meza, na daftari limefunguliwa. Alisoma, akachungulia ndani ya kikombe, akasoma tena. Nilingoja anifokee. Alikuwa na haki. Jina lililokuwa juu ya taarifa ile lilikuwa lake.

"Limau, Mama?" aliuliza taratibu. "Ulikuwa unakisugua kwa limau?"

"Na majivu."

Akaweka uso kwenye viganja, na mabega yakaanza kutikisika. Sikujua kama analia au anacheka, na nadhani yeye pia hakujua. Kisha akanyanyuka. "Hatuna hakika bado. Tupime."

Kesho yake tulikwenda mahali pamoja, asubuhi moja, na nyavu mbili. Mmoja ulikuwa na kikombe cha shaba. Mwingine tuliufunga kopo la plastiki la siagi, tulilolitoboa kwa sindano ya moto na kulilowesha kwenye tindikali kisha maji safi, kwa uzi wa nailoni. Tulifanya mtoni, tukafanya ng'ambo. Tukapeleka vifurushi jijini bila kuandika kipi ni cha shaba na kipi ni cha kopo, namba tu, ili hata mpimaji asijue anatafuta nini. Mlishike hilo: msimwambie mpimaji mnachotamani.

Siku za kungoja nilizimalizia shambani Njisi, nikifukuza ndege kwenye mpunga wa marehemu baba. Simu ililia nikiwa katikati ya jaruba.

"Mama, umekaa?" aliuliza Dokta.

"Nimesimama kwenye maji."

"Kopo la siagi, shaba iko chini. Mtoni na ng'ambo. Chini kama za zamani. Risasi hamna kabisa."

Nikakaa. Nilikaa palepale kwenye matope na kitenge changu kizuri, ndege wakashuka wakala walivyotaka. Nililia kwa furaha, sioni aibu kusema. Ziwa halikuwa na sumu. Mimi ndiye niliyekuwa nayo, kwenye kikombe, na kikombe kinaondolewa kwa kufungua uzi. Sijawahi kufurahi hivyo kwa kuonekana mjinga.

Kwenye mkutano Dokta alitaka azungumze yeye. Nilimwomba aniachie. Mwaloni palijaa: wavuvi upande wa maji, watu wa kakao upande wa barabara, na katikati nafasi wazi ambayo hakuna aliyetaka kukanyaga. Mzee Asajile alikuwa mbele na fimbo yake, amepita miaka themanini, hakunitazama. Nikasimama kwenye ile nafasi. Nikainua kikombe.

"Shaba tuliyosema imo ziwani," nilisema, "ilitoka humu. Nilikitengenezesha mimi. Nilikisugua mimi. Kakao haihusiki, na usipa wenu ni wazima. Naomba radhi kwenu nyote."

Watu wakanyoosha shingo wakione. Kisha mzee mmoja wa upande wa barabara akasema kwa sauti, "Kwa hiyo sisi tumetukanwa na kikombe?" Mtu akacheka, wa pili akafuata, na kile kicheko kikavuka ile nafasi hadi upande wa wavuvi. Nadhani watu walikuwa wamechoka kuchukiana.

Mzee Asajile hakucheka. Alinyanyua fimbo, watu wakanyamaza.

"Siku ulipokifunga," aliniuliza, "uliandika?"

"Niliandika, mzee."

Akatikisa kichwa kukubali. "Ndaga fijo," alisema, ahsante sana kwa kwetu, akaketi.

Dokta akawaeleza yaliyobaki, kwa sababu si kila kitu kilifutika siku ile. Tone la mrututu kwenye maji ya uvuguvugu bado linaua, kwa hiyo watu wa kakao wakakubali wasioshe mabomba mtoni, na hawakugombana nalo, maana safari hii waliombwa. Na joto lipo. Kipimajoto hakina kikombe cha shaba; nimekikagua. Lakini mzigo mmoja badala ya miwili unaubeba na kupumua, na ghuba ilibaki wazi.

Watu walipotawanyika Mama Eliza alikuja, akachukua kikombe mkononi mwangu, akapitisha kidole gumba ndani kama anavyopima chungu.

"Kimekuwa chembamba," alisema. "Hukuona?"

"Sikuona."

"Mimi chungu nikikisugua, ninachokitoa nakiona mkononi. Wewe ulidhani kinachotoka kinakwenda wapi?" Akanirudishia, akaondoka na kapu lake.

Siku yangu ya mwisho niliandika kwenye daftari: "Leo kikombe cha shaba kimeondolewa rasmi. Mahali pake, kopo la siagi. Haling'ai." Kikombe nimewaachia rafuni. Kila anayeanza kazi akishike, ajue kina uzito gani.

Jumamosi iliyopita Mama Eliza alinitembelea Njisi kwa mara ya kwanza. Aliniletea chungu kipya, na ndani yake usipa. Nikawasha moto, nikawapika kwa nyanya, nikapakua wali, tukakaa chini jikoni. Nilianza kula kabla yake, vichwa na vyote. Yeye hakugusa sahani. Alikuwa ananiangalia.

"Siku hizi unakula," alisema.

Nikarudisha tonge sahanini. "Ulijua?"

"Miezi kadhaa ulinunua usipa wangu, ukasema ahsante, ukaenda zako. Hukulalamika hata mara moja." Akachota wali, akaukanda polepole. "Nikajua kwamba huli, na mpaka niliposikia habari za sumu sikujua nimekukosea nini."

Nikavuta sahani karibu. Nilikula. Nilikula mpaka sahani ikawa nyeupe, nikapitisha kidole kwenye mchuzi uliobaki, nikamsogezea sahani ile mbele yake.

"Mama Eliza," nilisema, "hawatoshi."